Utangulizi wa Fokolojia: Ngeli za Foki Kongwe, Maradhi Yake na Tabia za Wanaozibonyeza

Mwanafunzi, keti. Fokolojia ni taaluma inayochunguza foki za mbele za baiskeli za milimani zilizotiwa udundifu, hasa zile zilizoundwa kati ya mwaka 1989 na mwisho wa karne. Taaluma nyingine, kama vile falaki, tiba na sheria, zina nafasi yake na sikusudii kuzidharau. Hata hivyo, hakuna hata moja kati yake iliyokwisha kueleza kwa nini mtu mzima, mwenye familia na kazi, hushinda Jumamosi nzima sakafuni akikwangua ute wa kahawia ndani ya bomba lenye upana wa kidole gumba. Pengo hilo la kiutafiti tutaliziba leo.

1. Fasili

Foki Kongwe ni chombo chenye miguu miwili (isipokuwa katika Ngeli ya Tano, ambako mambo yanaharibika) kinachoshika gurudumu la mbele, ambacho kila mguu wake, kwa kawaida, ni bomba lililozama ndani ya bomba jingine, na baina yao pana kitu kinachokataa kubonyezwa na kingine kinachokataa kurudi haraka.

Ikariri fasili hiyo kabla ya kuendelea. Kinachokataa kubonyezwa tunakiita kidundishi. Kinachokataa kurudi haraka tunakiita kizuiamrejeo. Foki yenye cha kwanza bila cha pili humrudishia mpandaji kila jiwe alilopita, tena kwa riba. Foki yenye cha pili bila cha kwanza ni nguzo. Umbali ambao foki huzama kwa uzito wa mpandaji aliyekaa tu, bila kufanya lolote la kujivunia, huitwa mzamo-awali, nao uwe kama robo ya safari yote ya foki. Asiyepima mzamo-awali hajasoma.

Foki Ngumu, yaani ile ya baiskeli ya Phoenix na ndugu zake, iko nje ya somo. Haina siri, haina mafuta, haina ugonjwa. Mchukuzi wa mkaa huichagua kwa sababu hataki hata chembe ya nguvu zake iishie kwenye kudunda, na kwa kuwa uamuzi wake ni sahihi, hautuhusu.

Kuhusu asili, wapo watakaokuambia kwamba Schwinn wa Chicago waliweka springi kwenye foki kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Ni kweli, na zama hizo tunaziita Kabla-Foki. Historia yenyewe inaanza mwaka 1989, Paul Turner, aliyetoka kwenye ulimwengu wa pikipiki, na Steve Simons walipoanzisha kampuni ya RockShox na kuileta foki ya RS-1. Mwaka uliofuata, katika mashindano ya kwanza rasmi ya dunia ya baiskeli za milimani huko Durango, Colorado, Greg Herbold alishinda mbio za mteremko akiwa juu ya foki hiyo. Wanahistoria wa kawaida huukumbuka mwaka 1990 kwa Mandela kutoka gerezani na Ujerumani kuungana. Sina ugomvi nao. Kila taaluma na vipaumbele vyake.

2. Mzozo wa kimkabala

Kabla ya kuainisha, hapana budi kuwasambaratisha Wanarangi. Hawa ni madhehebu yanayoainisha foki kwa rangi yake: Judy SL ya njano upande huu, Bomber ya chungwa upande ule, na nyeusi zote kwenye kapu moja. Nimepata kukaa nao meza moja. Ukiwauliza foki ya njano iliyopauka kwa jua la miaka ishirini na mitano iwekwe wapi, huagiza chai.

Rangi ni sifa ya nje. Kitovu cha foki ni kidundishi chake, na uainishaji wowote usioanzia hapo ni upangaji wa maua. Wanarangi hujitetea kwa kusema kwamba hata elastoma (vipande vya mpira) za foki za Manitou zilitofautishwa ugumu kwa rangi, na hoja hiyo, nakiri kwa moyo wa kitaaluma, ina uzito kama wa wesa ya bolti. Lakini elastoma ikishaoza rangi yake ni moja tu, na utaikuta kwenye kucha zako.

3. Ngeli

Ngeli ya Kwanza: Foki za Upepo. Humu zimo RS-1 na uzao wake wa Mag 20 na Mag 21 wa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kidundishi ni hewa iliyobanwa, kizuiamrejeo ni mafuta, na vyote viwili vinakaa nyumba moja bila ukuta. Mag 21 hujazwa upepo kwa sindano kama ile ya mpira wa miguu, inayopenya kizibo cha mpira kilichopo juu ya kila mguu. Safari yake ni kama milimita 48. Usicheke. Milimita 48 ndizo zilizotenganisha binadamu anayetetemeka na binadamu anayetetemeka kwa gharama.

Kanuni kuu ya ngeli hii ni moja: toa upepo kwanza, ndipo ufungue kifuniko. Wanaogeuza mpangilio huo hujifunza kwa wakati mmoja fizikia ya gesi na mahali ilipo dari. Vilevile, miguu ya chini ya Mag ni ya magnesiamu, metali nyepesi isiyopatana na chumvi. Mwanafunzi wa Tanga au Lamu akague kila mahali palipobanduka rangi, kwa maana hewa ya bahari haisubiri muhula uishe.

Ngeli ya Pili: Foki za Mpira. Hii ndiyo ngeli yenye watu wengi na huzuni nyingi. Doug Bradbury, aliyekuwa akiunda baiskeli huko Colorado, aliachana na hewa pamoja na mafuta na kupanga vipande vya elastoma kwenye ufito ndani ya mguu, kimoja juu ya kingine. Hivyo zikazaliwa Manitou. RockShox nao walifuata njia hiyo kwa Quadra mwaka 1993 na kwa Judy mwaka 1995, ingawa Judy iliongezewa katriji ya mafuta kama kizuiamrejeo. Wazo lilikuwa safi mno: hakuna upepo wa kupungua, hakuna sili ya kuvuja kwenye kidundishi, na ukitaka foki ngumu zaidi unabadilisha kipande. Fundi yeyote angeweza kuihudumia kwa alenki moja ndefu na kitambaa.

Tatizo lilikuwa mpira wenyewe. Elastoma hizo ni poliyurethani, na poliyurethani ina adui wawili. Wa kwanza ni baridi: asubuhi ya milimani, mahali kama Durango palipo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, elastoma hukakamaa na foki ya dola mia kadhaa hurudi kuwa Phoenix. Wa pili ni unyevu, ambao huvunja minyororo ya molekuli zake pole pole, mwaka baada ya mwaka, hata kama baiskeli imetundikwa ukutani na haijawahi kuguswa. Ndiyo maana foki mpya kabisa ya mwaka 1994, iliyohifadhiwa ndani ya boksi lake, inaweza kufunguliwa leo ikakutwa ndani imekuwa lami. Wauzaji huiita «haijatumika». Fokolojia inaiita maiti iliyovishwa vizuri.

Uozo huu tumeugawa katika hatua nne, na mwanafunzi atakayezichanganya arudie mwaka. Ukakamavu: elastoma bado ina umbo, lakini ukiibonyeza kwa kucha haitikii. Unyong'onyevu: inabonyea na inabaki hapo, ikitafakari. Unato: imeshikana na ufito, na ukivuta inatoka nusu, ikiacha nusu nyingine kama urithi. Uji: haihitaji maelezo, inahitaji kijiko.

Baina ya Unato na Uji kuna hali ya mpito ambayo wenzangu wanakataa kuitambua. Nimeipa jina la Ubwabwa. Katika Ubwabwa, vipande bado vinahesabika lakini havitenganishiki. Najua kwamba kwa mtu wa kawaida tofauti hiyo ni ndogo. Kwa mtu aliye na mrija wa milimita 28 mbele yake, fimbo mkononi, na mke aliyekwisha kuuliza mara mbili kuhusu ile taulo, tofauti hiyo ndiyo kila kitu: Ubwabwa husukumwa nje kwa fimbo, Uji huoshwa kwa spiriti.

Foki za ngeli hii huingia pia kwetu pwani, ndani ya makontena ya baiskeli za mtumba, nyingi zikiwa zimeshafika Unato. Mnunuzi huibonyeza, haisogei, naye huridhika kwamba ni imara. Hatumkosoi. Amenunua Foki Ngumu nzito kidogo, yenye historia.

Hapa linazuka swali lililovunja urafiki mwingi. Foki ya Manitou ikitolewa mpira wote na kutiwa springi ya chuma, jambo linalofanywa sana siku hizi kwa sababu elastoma mpya ni adimu, je, imehama ngeli? Wahafidhina husema imekufa. Walegevu husema hakuna kilichobadilika. Msimamo wangu, nilioufikia baada ya tafakuri ndefu, ni kwamba imehama ngeli lakini imebaki na uraia. Mjadala umefungwa.

Ngeli ya Tatu: Foki za Chuma na Mafuta. Marzocchi wa Bologna, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1949 na yenye uzoefu mkubwa wa foki za pikipiki, walitazama hewa na mpira wa Wamarekani, kisha mwaka 1997 wakaleta sokoni Bomber Z1: springi za chuma, milimita zipatazo 100 za safari, na mafuta yaliyomwagwa wazi ndani ya mguu, yakioga na kulainisha kila kitu. Ilikuwa nzito na haikuomba radhi. Matengenezo yake ni kumwaga mafuta machafu, kutia safi hadi kina kinachotakiwa, kubadilisha sili, na kwenda kula. Kwa sababu hiyo ngeli hii haina wasomi wengi. Mtu hawezi kupata shahada ya uzamivu kwa jambo linalofanya kazi.

Ngeli ya Nne: Foki za Viwiko. Hizi hazizamishi bomba ndani ya bomba. Hupinda kwenye maungo, kama zile za AMP za Horst Leitner na Vector ya Girvin. Zinapokuwa mpya, gurudumu hupanda na kushuka kwa adabu. Bushi zake zikilika, kila ungo hupata maoni yake, na mpandaji husikia mjadala wao wote njiani.

Ngeli ya Tano: Zenye Utata. Cannondale walikichukua kidundishi wakakificha shingoni mwa baiskeli, wakaiita Headshok, na chini yake wakaacha miguu miwili isiyodunda. Karibu na mwaka 2000 wakaenda mbali zaidi na kuleta Lefty, ambayo ina mguu mmoja tu, wa kushoto, na gurudumu limening'inia ubavuni mwake. Je, foki ya mguu mmoja ni foki? Rejelea fasili yetu: «chenye miguu miwili». Jibu la kimantiki ni hapana. Jibu la barabarani ni kwamba inapita mawe vizuri kuliko nyingi zenye miwili. Tumekubaliana kuiita foki-pungufu katika maandishi na kuinyamazia katika mazungumzo. Maradhi yake mahususi ni uhamaji: beringi zake za sindano hutambaa kidogo kidogo kutoka mahali pake, safari ikapungua bila mtu kuambiwa, hadi foki ifunguliwe na sindano zirudishwe nyumbani.

Katika ngeli hii tumekiweka pia kile kishina cha usukani cha Girvin chenye bawaba na kipande cha mpira, kijulikanacho kama Flexstem. Si foki kwa namna yoyote. Kimewekwa hapa kwa kuwa kilikataliwa kwingine kote.

4. Suala la shingo

Kila foki ina bomba la shingo, nazo shingo ni tatu: ya inchi moja, ya inchi moja na thumni, na ya inchi moja na robo iliyopigiwa debe na Gary Fisher. Ya kati ilishinda. Ya robo imebaki yatima. Wengi walioipata foki nzuri kwa bei nzuri waliigundua thumni inayowahusu baada ya pesa kutoka.

5. Jasho, machozi na mafuriko

Mtu asiyesoma huona mafuta kwenye mguu wa foki akasema «inavuja». Huyo asiguse kitu. Unyevu kwenye foki una madaraja manne.

Daraja la kwanza ni Mng'aro, yaani utando mwembamba unaobaki kwenye bomba la juu baada ya safari. Ni dalili ya afya. Sili isiyo na mafuta hata kidogo inajitafuna. La pili ni Jasho, ambapo pete ya mafuta na vumbi hujengeka mahali bomba linapoishia kuzama. Jasho hufutwa, kisha huangaliwa tena kesho. La tatu ni Machozi: tone moja linashuka mguuni, linasita kwenye nembo, linaendelea. Sili imekwisha, agiza mpya. La nne ni Mafuriko, pale mafuta yanapofika kwenye rimu. Kumbuka kwamba baiskeli za zama hizo hufunga breki kwenye rimu. Hapo fokolojia huaga kwa heshima na kumkabidhi mgonjwa kwa daktari wa mifupa.

Onyo la pekee kuhusu kukagua bomba: pitisha ukucha kuanzia juu hadi chini, polepole, ukizunguka. Mkwaruzo unaoonekana lakini haunasi ukucha ni kovu. Unaonasa ukucha ni jeraha, nao utaikata sili mpya kabla hujamaliza kumsimulia mtu kwamba umeiweka.

6. Ubonyezaji

Tunaingia sasa katika moyo wa fokolojia ya jamii. Data za uwandani hazina ubishi: binadamu akikaribia baiskeli yenye foki inayodunda, hubonyeza usukani. Hufanya hivyo kabla ya salamu. Hufanya hivyo akiwa na mzigo mkono mmoja. Swali la utafiti ni aina ngapi za wabonyezaji zipo.

Mbonyezaji Mshangao hubonyeza mara moja, husema «Hee!» na kuendelea na safari zake. Hana madhara.

Mbonyezaji Dalali hubonyeza mara tatu, husikiliza, hukunja uso na kutamka «imechoka hii», bila kujali kama foki imefungwa jana. Lengo lake ni bei. Hubonyeza kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa mfukoni juu ya pesa, ili zisisikie.

Mbonyezaji Shemeji huja nyumbani kwako, hubonyeza kwa uzito wake wote hadi foki igonge mwisho, huitikia kwa kichwa na kukueleza kuhusu pikipiki aliyokuwa nayo. Ni jamaa, kwa hiyo haainishwi zaidi.

Mbonyezaji Mwanazuoni peke yake ndiye hushika breki ya mbele kwanza. Halafu husukuma baiskeli mbele na nyuma, taratibu, huku kidole kimewekwa pale bomba la juu linapoingia kwenye mguu wa chini. Akihisi mtikisiko hapo, bushi zimelika. Akihamishia kidole kwenye beringi za shingo na kuhisi mtikisiko huko, kosa ni la shingo na foki haina hatia. Foki nyingi zimehukumiwa, zikafunguliwa na kuvuliwa utu wao, kwa kosa lililofanywa na beringi za jirani. Ukihitimu somo hili bila kujua lingine lolote, ujue hili la kidole.

Watoto hubonyeza bila kikomo wala nadharia. Hawaainishiki.

7. Ufunguaji, ufungaji na tatizo la wesa

Kwa foki ya Ngeli ya Pili, legeza bolti za chini kwa alenki ndefu lakini usizitoe kabisa. Acha nyuzi chache zimeshika, gonga kichwa cha bolti kwa nyundo ya plastiki ili ufito wa ndani uachie, ndipo utoe bolti na kuvuta miguu ya chini. Yatakayomwagika yapokee kwenye beseni, wala usitumie la nyumbani. Safisha kwa spiriti, si kwa petroli, kwa sababu petroli hula mpira na sili ulizotoka kuziagiza ng'ambo. Katriji ya mafuta ya Judy za mwanzo ilikuwa na plastiki na sifa ya kuvuja. Wenye busara walishaibadilisha kwa za alumini zilizouzwa na watengenezaji wengine. Grisi iwe ile laini isiyoudhuru mpira. RockShox waliuza yao kwa jina la Judy Butter, na mwanafunzi mmoja wa kila darasa lazima aulize kama inalika.

Usitegemee spea kutoka kiwandani. RockShox ilinunuliwa na SRAM mwaka 2002, na hakuna mwenye hesabu za kibiashara atakayeendelea kufinyanga mpira wa mwaka 1993 kwa ajili yako. Waliobaki ni mafundi wa mashine ya kerezo, wanaochonga bushi moja moja, na wamiliki wa foki mbovu za aina yako, ambao hawauzi kwa kuwa nao wanakutafuta wewe.

Ukifunga kila kitu kama ulivyofungua, juu ya kitambaa patabaki wesa moja. Itabaki daima. Fokolojia imezitambua wesa za aina tatu: Wesa ya Ziada, ambayo haikuwa na kazi tangu kiwandani, Wesa Mgeni, iliyotoka kwenye foki nyingine uliyoifungua mezani hapo hapo, na Wesa ya Lazima. Kwa macho zote tatu zinafanana, kwa uzito zinafanana, na hata zikiramba mafuta zinang'aa sawa. Njia pekee inayokubalika kitaaluma ya kuzitofautisha ni kushuka mlima. Watakaorejea wawasilishe ripoti zao kwa nakala mbili, mwandiko usomeke.